Boliti ya Kumi ya Fundi Enoka

Enoka ametengeneza pikipiki hapa Chapwa, karibu na mpaka wa Zambia, kwa miaka ishirini na minane, na kwa miaka tisa kati ya hiyo mimi na duka langu la spea tumekuwa majirani zake. Ninamfahamu kuliko anavyopenda. Ni mbishi. Hanawi mikono kwa sabuni mpaka jioni. Mchana anakula kwa kijiko, kwa sababu, anasema, fundi aliyenawa ni fundi aliyefunga kazi. Wateja wa upande wa Zambia wakimwita bashikulu, yaani babu, ananuna mpaka waondoke.

Ana utaratibu mmoja ambao haruhusu mtu auguse. Kabla ya kufungua kava la pembeni la injini, anachora umbo lake kwenye kipande cha boksi, na kila boliti anayoitoa anaichomeka kwenye boksi mahali palepale ilipotoka. Ndefu zina mahali pake, fupi zina mahali pake. Ukiingiza ndefu kwenye tundu la fupi unapasua injini ya watu. Siku moja nilisogeza boksi lake nipate pa kuweka chai, nikasemwa wiki nzima.

Lakini tangu mwaka jana macho yake yamefifia. Anadhani sijui. Akitaka kusoma namba ya spana anaipeleka juani, kisha anajifanya anaifuta. Mkewe, Nesta, aliniambia kanisani kwamba wameshakubaliana: siku Enoka atakapoacha kitu ndani ya injini ya mtu, ndiyo siku atakayoacha ufundi. Ameahidi mwenyewe. Tangu nisikie hayo, kila akifunga injini roho yangu haitulii, maana mzee huyu bila spana simwoni atakuwa nani.

Jumanne asubuhi alikuja Gwamaka, kijana wa bodaboda. Pikipiki yake ilikuwa haichaji, na mama yake alikuwa anamsubiri kule Ikinga, wilayani Ileje, ampeleke kliniki, kwa hiyo hata kiti nilichompa hakukikalia. Enoka akatoa pedeli ya gia, akafungua kava la kushoto, lile linaloficha koili na sumaku. Akabadilisha koili, akapaka grisi gasketi niliyomuuzia, akarudisha kava. Sumaku ikalivuta kwa nguvu kama kawaida yake. Akaanza kuingiza boliti moja moja kwa vidole.

Ya tisa ikaingia. Akapeleka mkono kwenye boksi, akapapasa. Tundu la kumi lilikuwa tupu.

"Mama Felix, umeona boliti hapa?"

"Mimi sijagusa boksi lako."

Tukatafuta chini ya stendi, kwenye beseni la oili, mifukoni mwake, hata kwenye soli za viatu vya Gwamaka. Niliomba kimoyomoyo iwe mchangani. Nilijua anachowaza kwa sababu nami nilikuwa nakiwaza: kama sumaku imeivuta, imo ndani, na kiki moja tu ya kuwasha injini ingetosha kuisaga koili mpya na kupasua kava.

"Mzee, weka nyingine tu niondoke," Gwamaka akasema. "Si zipo dukani? Bi mkubwa ananisubiri."

Zilikuwapo. Nasema ukweli, nilikuwa nimeshaishika moja mkononi. Enoka akaitazama, akaitazama injini, akajifuta jasho kwa kiwiko.

"Usiguse kiki," akamwambia Gwamaka, akaanza kufungua upya.

Kava likatoka. Akainama, akachungulia huku, akachungulia kule, akakaa sawa. Uso ukamchangamka.

"Hamna kitu," akasema. "Imeanguka huko nje."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, hatua tatu hivi. Boliti ilikuwa pale, imenata ubavuni mwa sumaku kwa chini, inang'aa kwa oili. Gwamaka naye aliiona. Tukatazamana. Nilimwonea huruma, na nikajichukia kwa kumwonea huruma.

Sijui alisikia nini katika kimya kile. Alirudisha mkono ndani, akazungusha kidole kwenye sumaku taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Kilipofika chini kikasimama.

Akaitoa. Akakaa nayo kiganjani.

"Mlikuwa mnaiona?"

"Tulikuwa tunaiona, fundi," nikasema.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alinisogezea boksi lake. "Basi nipe wewe," akasema. Nikawa nampa boliti moja moja, nikitaja hii ndefu, hii fupi, mpaka ya kumi. Alizikaza zote mwenyewe, akiruka kutoka boliti ya pembe hii kwenda ya pembe ile, na safari hii Gwamaka hakumharakisha. Akarudisha pedeli ya gia, wakaongeza oili. Kiki ya kwanza injini ikaitika, taa ikawaka vizuri. Kijana akaaga kwa heshima, akashika njia ya Ileje, na pale pikipiki iliposimama hapakuwa na tone jipya la oili.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Pikipiki mbili nyingine zilikuwa zinasubiri. Enoka akazitazama, akaviringisha spana zake kwenye kitambaa, akaja mpaka mlangoni kwangu na mikono yake myeusi ameitanguliza mbele.

"Mama Felix," akasema, "una sabuni?"