Mzee Alitufundisha Kulala Kama Maiti

Mgongo wangu uliniangusha nikiwa na miaka thelathini na kitu, na sikuuonea aibu, niliuonea hasira. Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa fundi cherehani. Baba alikaa kwenye baraza ya duka moja la vitambaa, Gisenyi mjini, mpaka siku aliyoshindwa kuliona tundu la sindano, ndipo nikakaa mimi pale pale, kiti kile kile, nikikanyaga cherehani ile ile. Watu wakimwona fundi wanasema, huyu amekaa tu. Wapi! Unakanyaga tangu saa mbili ya asubuhi mpaka adhana ya alasiri, shingo chini, na mguu hauna ruhusa ya kuchoka. Asubuhi moja niliinama kuokota mkasi, kitu kikakatika kiunoni, na sikuinuka tena. Walinirudisha nyumbani Mbugangari juu ya mlango uliong'olewa kwenye stoo.

Wiki tatu baadaye nilikuwa natembea, lakini nimepinda. Kukaa kwenye kiti sikuweza hata muda wa kushona kifungo. Tajiri, yaani mwenye duka, alikuwa Mhindu wa makamo, si mtu mbaya, ila hakupenda maneno marefu.

"Fundi," aliniambia, "nguo za skuli ziko mingi. Nakungojea mupaka Idi. Ukiwa hauwezi, naweka mutu mwingine kwa ile kiti."

Idi ilikuwa mbele miezi miwili. Nilikuwa na watoto wanne, na sikujua kazi nyingine yoyote duniani. Nilirudi nyumbani nikamgombeza mke wangu kwa ajili ya chumvi ya mboga, na chumvi haikuwa na kosa.

Kesho yake baba yake tajiri alitoa kichwa kwenye mlango wa nyuma wa duka. Sisi tulimjua kama mzee wa kupepeta mchele na kufukuza mbuzi za watu. Ilisemwa kwamba ujanani kwao India alikuwa mpiga mieleka, lakini kwa jinsi alivyokonda hakuna aliyesadiki. Kiswahili chake alikuwa amekiokota Mwanza na Bukoba kabla ya kufika kwetu.

"Fundi, kesho ukisha swali alfajiri, kuja huku nyuma. Usikule kitu."

Nilikwenda kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Uani nilikuta wawili wamenitangulia. Mmoja alikuwa shoferi wa kamio, yaani lori, ya kahawa, Mwislamu mwenzangu na jirani yangu, ambaye shingo yake ilikuwa imekauka hata akitaka kukutazama anageuka mwili mzima. Wa pili alikuwa mvuvi wa Rubona, Mkristo, mtu wa maneno machache, na bega lake la kuume halikuweza kuinua kasia. Mzee alikuwa ametandika magunia matatu ya chumvi, matupu. Baridi ya ziwa ilikuwa bado haijaondoka.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu. Kila siku, kabla duka halijafunguliwa, tulianza kwa kuvuta pumzi kwa tundu moja la pua na kuitoa kwa tundu la pili. Shoferi alicheka mpaka kamasi zikamtoka, na mzee akangoja amalize, akamwambia aanze upya. Kisha mchi. Mzee alituletea mchi wa kutwangia, akaushika kwa mkono mmoja na kuuzungusha nyuma ya kichwa chake, polepole, mara nyingi, bila kuhema. Siku hiyo tulisadiki habari za mieleka. Mwisho alitukanda kwa mafuta ya haradali yaliyotiwa manjano, na kidole gumba chake kilijua mahali panapouma kabla hujasema. Niliwahi kumtukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Zoezi la mwisho lilikuwa la kupumzika. Siku ya kwanza alisema tu, "Sasa mulale kama maiti." Hakuonyesha. Kwake maiti ni maiti.

Mimi na shoferi hatukuulizana. Tulitafuta kibla, tukalala ubavu wa kulia, shavu juu ya kiganja, vile tulivyowalaza wazee wetu kaburini. Mvuvi alilala chali, vidole amevifumba kifuani kama aliyeshika rozari. Mzee akasimama katikati yetu.

"Darasa ni moja," alisema, "na iko na maiti ya namna mbili."

"Mzee, kwetu maiti analala hivi," shoferi akajibu akiwa pale chini. "Na kwenu je?"

"Chali, mikono pembeni. Kisha tunachoma."

Shoferi aliinuka, akakung'uta gunia lake, akaenda kusimama karibu na mlango. Yewe! Mimi sikuinuka. Si kwamba nilikuwa jasiri kuliko yeye. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkasi, mgongo wangu ulikuwa kimya, na niliogopa kujitikisa usije ukaamka. Nilimwambia mzee hivyo. Akapiga magoti, akanikunja miguu kidogo, akanitia kifuko cha dengu katikati ya magoti.

"Basi wewe baki maiti ya Kiislamu," alisema.

Kupotea njia ndiyo kujua njia. Tangu siku hiyo wenzangu walilala chali kama alivyotaka, shoferi naye baada ya kubembelezwa, na mimi nikalala ubavu. Baada ya wiki nilikaa kitini muda wa kushona kaptula moja. Baada ya mwezi nilishona tano. Siku nne kabla ya Idi tajiri alisimama nyuma yangu, akaona nguo za skuli zimepangwa mpaka dirishani, akasema "Bon," akarudi ndani. Nilibaki na kiti changu.

Lakini mke wangu hakutulia. Mzee hakutaka kitu kwetu, si faranga, si kuku, hata samaki za mvuvi alizikataa kwa kuwa hakula nyama wala samaki.

"Mla cha mwenzie na chake huliwa," mke wangu alisema. "Huyo mzee iko na kitu anatafuta."

"Anatafuta thawabu."

"Haya. Utaniambia siku yenyewe."

Ilinikera kwa sababu mimi pia nilikuwa najiuliza. Tena baada ya Idi mzee alileta zoezi jipya ambalo sikulielewa. Alilaza chini ngazi ya duka, akafunga juu yake gunia la mchele, akamwita mwanawe atoke dukani awe mtu wa nne. Kila mmoja kona yake, ngazi begani. "Mguu wa kushoto, wote pamoja. Musitikise." Tukazunguka ua. Mchele ukiyumba, tunaanza upya. Tajiri alibeba akitazama chini, na mimi nilidhani anaona haya kubeba mzigo pamoja na fundi wake. Kila wiki tulizunguka. Tulisema ndiyo mambo ya Kihindi hayo, yanaimarisha kiuno, na kweli yaliimarisha.

Tuliendelea hivyo mwaka mzima na zaidi. Halafu mzee akaanza kukohoa. Hakusimamisha masomo, ila alifundisha akiwa amekaa juu ya kreti, na mchi akampa mvuvi auzungushe. Asubuhi moja, tulipotua ngazi, alitwambia tukae.

"Wahindi wa hapa karibu wote ni Waislamu," alisema. "Wako na musikiti yao, wako na watu yao. Sisi Wahindu, hapa Gisenyi, ni mimi, mwanangu na bibi yake. Kwetu mtu anabebwa na mabega ine. Mwanangu iko na bega moja."

Alitutazama mmoja mmoja, shingo, bega, mgongo.

"Nilitafuta watu watatu wenye kuvunjika. Mzima angeniuliza, kwa nini mimi? Ninyi niliwatengeneza mwenyewe. Kama hamutaki, ntacyo, hakuna neno. Mgongo ni yako, fundi. Sitaidai."

Niliona hasira kwanza, sitaficha. Niliona nimenunuliwa bila kuambiwa bei. Nilitoka bila kuaga. Nilipomweleza mke wangu, hakunicheka, jambo lililonishangaza.

Mzee alikufa wiki mbili baadaye, mapema asubuhi, wakati wa masomo, ambayo hata mimi nilikuwa nimeyarudia. Tulimkuta tajiri amekaa juu ya kreti ya baba yake. Bwana Administrateri alitoa ruhusa ya kuchoma, lakini mbali, kule ufukoni upande wa Rubona, hoteli na nyumba za wazungu zisione moshi. Shoferi akasema kamio yake iko tayari. Tajiri akatikisa kichwa.

"Alisema mabega."

Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, njia ni ndefu, na kuna mulima. Nitatafuta mutu mwingine kwa kona yako."

Nilikwenda kwanza kwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, kumwuliza kama dini inaniruhusu. Alifikiri sana. "Jirani ni jirani," alisema. "Mbebe. Ila kiberiti si chako." Nikapita nyumbani. Mke wangu alikuwa mlangoni.

"Ukivunjika tena, tutakula nini?"

"Sijui."

"Iko vile vile ulikuwa hujui siku ile ya mkasi," alisema, na akanipa kanga yake nikunje niweke begani.

Ngazi ilikuwa ile ile. Alikuwa mwepesi kuliko gunia. Tajiri na mimi mbele, shoferi na mvuvi nyuma, mguu wa kushoto wote pamoja. Wanawake waliokuwa wakishuka na samaki walisimama pembeni. Kwenye mlima nilisikia jasho linanishuka mgongoni, nikangoja kitu kikatike. Nilifikiria kiti, watoto, mkasi ule. Nikavuta pumzi kwa pua kama alivyotufundisha, nikatoa, nikapiga hatua. Hakikukatika. Tulitembea karibu saa nzima na hatukutikisa.

Kuni za mikalitusi zilikuwa zimepangwa tayari. Tulipomlaza juu yake, mkono wangu wenyewe ulikwenda begani kwake kumgeuza ubavu wa kulia. Nilikuwa nimekwisha kuwazika watu wengi.

"Hapana, fundi," tajiri alisema taratibu. "Chali."

Nikamwacha. Tajiri aliwasha, nasi tukasogea nyuma, upande wa maji. Nililia, na shoferi alilia kuliko mimi.

Kesho yake baada ya alfajiri nilikwenda uani bila kuitwa. Shoferi alikuwapo, na mvuvi alikuwa ametoka Rubona kwa miguu gizani. Tulitandika magunia. Tulivuta pumzi, tulizungusha mchi, tukakandana vibaya kwa mafuta yaliyobaki. Ilipofika zoezi la mwisho hapakuwa na wa kutwambia. Shoferi alinisogezea kifuko cha dengu. Nilikirudisha, nikanyoosha miguu, nikalala chali, mikono pembeni. Mgongo uliniuma. Nilikaa hivyo hivyo mpaka niliposikia tajiri anafungua mlango wa duka, ndipo nikaenda kwenye kiti changu.