Siku tumbo la mama lilionekana limepanda kifuani, X-ray ya Embu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Hii sikuambiwa na mtu. Nilikuwa ndani ya hicho chumba, nimevaa ile apron nzito ya kukinga miale, na mama yangu amesimama mbele ya mashine. Nitawaeleza vile ilikuwa.

Mimi ni mwalimu, naishi Majimbo hapa Embu. Kwetu ni Timau, huko Meru. Mama alifanya kazi huko kwa shamba la mboga, kuchambua mishiri, zile french beans, hadi miguu ikakataa baridi.

Baba alituacha kitambo kwa saratani ya koo. Wenye wanatoka Meru wanajua hiyo story. Chakula inaanza kukwama, mtu anabaki na uji, mwishowe hata maji haipiti. Mama ndiye alimuuguza hadi mwisho.

Sasa mwaka fulani mama akaja kunitembelea.

Nikaona anakula vijiko kidogo tu vya mukimo, anaweka sahani chini. Kifua kinamchoma. Akilala anakohoa na kitu chungu kinarudi hadi mdomoni, kwa hivyo analala ameketi kwa kiti cha sebuleni.

Nikimuuliza, ananiambia, "Ni uzee, Mwari." Mwari ni binti kwa Kimeru. Aliniita hivyo hata nikiwa na watoto wangu.

Halafu dada yangu akanipigia simu kutoka Timau. "Mum ako sawa kweli? Amenipea sufuria yake kubwa. Ng'ombe naye amesema ni wa shangazi."

Hapo nikaelewa. Mama alikuwa anaaga.

Nikamkalisha, nikamuuliza wazi. Akasema, "Ni ile ya baba yenu. Mimi naijua."

Hospitali walitaka kumpitishia camera kwa koo. Akakataa kabisa, kwa sababu baba alipitishiwa na mama hakuwahi sahau vile alitoka. Daktari hakumlazimisha. Akasema tuanze na X-ray ya kunywa dawa nyeupe, barium meal.

Tukaenda asubuhi, mama hajaonja kitu. Daktari wa X-ray alikuwa dada mmoja wa Gachoka, mpole, anaongea polepole. Akampatia kikombe.

Mama akaonja. "Hii ni ucuru ya chokaa," akasema. Ucuru ni uji.

"Kunywa tu mum, ndio tuone njia."

Wakuu, nikaona ile kitu nyeupe kwa skrini ikishuka ndani ya mama yangu. Nilikuwa nimeshika ukuta. Nangoja mahali itakwama.

Haikukwama.

"Koo inapitisha vizuri," daktari akasema. Kisha wakamlaza, wakainamisha meza kichwa kikaenda chini kidogo. Ile nyeupe ikaanza kurudi juu. Daktari akatuonyesha na kidole.

"Mum, tumbo yako imepanda."

Mama akashtuka. "Imepanda inaenda wapi?"

Hata daktari alicheka. Akaeleza kuna msuli unatenganisha kifua na tumbo. Ule mlango wake umelegea, na kipande cha tumbo kimepenya juu. Asidi ambayo ingekaa chini inarudi kwa koo, na akilala ndio mbaya zaidi. X-ray haipimi asidi yenyewe, lakini inaonyesha mahali tumbo limekaa na vile vitu vinarudi.

 Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo si ile ya mzee wangu?"

"Hapa sioni hiyo, mum."

Akalia akiwa amelala kwa hiyo meza, mdomo mweupe pande zote.

Baadaye hata camera alikubali mwenyewe, uoga ukiwa umeisha, na ikasema vile vile.

Akapewa dawa za kupunguza asidi. Akaambiwa ale kidogo kidogo, asilale kama ametoka kula, kitanda kiinuliwe upande wa kichwa. Fundi akaweka vipande vya mbao, mama akarudi kulala kama watu.

Kwa wenye watafanya hiyo X-ray: kunyweni maji mingi baadaye, choo inatoka nyeupe. Mama alinipigia simu nikiwa shuleni akisema, "Mwari, nimekuwa kuku."

Aliporudi Timau kitu cha kwanza ni sufuria. Dada yangu akairudisha akicheka. Shangazi alibishana kidogo juu ya ng'ombe, lakini akamleta.

Tulipata naye miaka mizuri. Alituacha juzi juzi kwa mambo mengine, amezeeka, na hakuwa anaogopa.

Lakini kile nakumbuka sana ni mchana wa hiyo siku. Tumefika nyumbani Majimbo, ameketi nje kwa jua anamenya viazi. Nikasikia wimbo wa kanisa, polepole, kwa Kimeru. Nikasimama mlangoni na kitambaa mkononi.

Tangu tumzike baba sikuwa nimesikia mama akiimba.

Nilichojifunza, wakuu: mzazi akianza kugawa vitu vyake, usingoje akuambie anaumwa wapi. Muulize. Na mwende pamoja, uingie hadi ndani kama watakuruhusu.

Kuna mwenye mzazi wake alikuwa anauguza uoga hivyo kimya kimya? Mlimshawishi vipi? Andikeni hapo chini, nasoma zote.