Nyuki Waliohamia Chungu cha Mama Mdogo

Chungu cha mama mdogo hakikuwa cha udongo. Kilikuwa cha chuma, kile chuma kizito kinachoyeyushwa kikamiminwa, cheusi ndani na nje, chenye miguu mitatu mifupi na tumbo la kutosha kulisha msiba. Hakikuhitaji mafiga. Unachochea kuni katikati ya miguu yake nacho kinasimama chenyewe, kama mgeni aliyekataa kiti. Kwenye ukoo wa marehemu mume wake ilisemekana kwamba babu mmoja, mpagazi wa misafara ya zamani, alikibeba kichwani kutoka pwani mpaka Unyanyembe, na kwamba ndiyo sababu watu wa ukoo ule wana shingo fupi. Nimewachunguza misibani. Shingo ni fupi kweli.

Nilifika kwake Ipole nikitokea Urambo, nilikokuwa msaidizi wa mpishi kwenye kambi ya mafundi barabara. Shule niliiacha mapema, kwa kuwa dirisha la darasa letu lilitazama reli. Tangu hapo naishi hivyo hivyo: nakaa mahali mpaka nijue kinachofanyika pale kinafanywaje, kisha naondoka. Ipole nilipanga kukaa wiki moja. Maharage ndiyo yaliyonichelewesha.

Sufuria ya kawaida ina haraka. Ukiipa moto inaunguza chini huku juu bado pabichi, na ukigeuka kuzungumza na jirani imekuaibisha. Chungu kile hakikuwa na haraka na mtu. Kilichelewa kupata moto, na kikishaupata hakikuutoa. Baada ya chai ya asubuhi mama mdogo alitia maharage, akachochea mpaka yachemke vizuri, akavuta kuni nje akabakiza makaa, tukaenda shambani. Tukirudi tunakuta yameiva, mchuzi mzito wa rangi ya matofali. Michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga ndiyo usiseme. Nilikuwa nakomba mpaka mwiko.

Yeye mwenyewe alikipenda kwa sababu nyingine. Alipoolewa, ugali wake wa kwanza ukweni aliusonga kwenye sufuria nyepesi. Alipokaza mwiko, sufuria ikazunguka, ikaruka mafiga, ikabingirika na ugali wake mpaka miguuni pa baba mkwe. Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na chungu cha chuma, akakitua mbele yake. "Songea humu," akamwambia. "Hiki hakikimbii."

Mama mdogo alihesabu kwamba siku ile alipewa. Wifi yake wa Urambo, dada wa marehemu mumewe, alihesabu kwamba siku ile aliazimwa. Ugomvi huo ulikuwa na umri mkubwa kuliko mimi.

Mwaka ninaousimulia ugomvi huo ulipata moto upya. Mama mdogo alikuwa mtu wa usafi. Vyombo vyake alivisugua kwa mchanga na stili waya mpaka viakisi jua, na chungu nacho hakupenda kukibagua. Sufuria ukiisugua inang'aa. Chuma kile ukikisugua kinaota kutu. Habari ya kutu ikasafiri kwa midomo ya wanakwaya wenzake mpaka Urambo, na siku moja simu ikalia.

"Wifi, nasikia chungu cha mama kina ukurutu."

"Nani kasema?"

"Nakuja kukiona. Nikikikuta kina kutu naondoka nacho. Sikukuachia mtoto umnyime mafuta."

Mama mdogo alikata simu akaketi kwenye kigoda. Mumewe alikuwa ameshakufa, watoto wameolewa, na kwenye nyumba ile chungu ndicho kitu pekee alichopewa na ukoo ule kwa hiari yao. Nikamwambia aniachie mimi. Kule kambini mpishi wetu alikuwa na vikaango vya chuma cha aina hiyo hiyo, na alikuwa tayari kumpiga mtu aliyevisogezea sabuni. Unakikausha motoni, unakipaka mafuta kikiwa cha moto, unakiacha cheusi. Basi.

"Cheusi?" mama mdogo akauliza. "Watu waseme sioshi vyombo?"

"Waseme."

Siku zile binti yake wa Tabora mjini alikuwa amejifungua, kwa hiyo ilimbidi aende kumkanda. Kabla ya kupanda basi alinishika sikio. "Mwanangu, nikirudi nikakuta kutu, mtaondoka wewe, chungu na mbwa."

Niliikwangua kutu yote. Nikakiweka chungu juu ya moto mpaka kikatoa moshi. Nikatafuta mafuta: chupa ya alizeti ilikuwa imebaki harufu tu. Lakini Ipole ni nchi ya nyuki, na kila nyumba ina bonge la nta mahali fulani. Nikachukua la kwetu nikakipaka ndani na nje, nta ikayeyuka ikazama, chungu kikang'aa weusi kama uso wa mtu aendaye kanisani. Nikakiweka kwenye kichanja nyuma ya jiko, chini ya paa, pasipofika mvua wala jua. Nikakifunika kwa mfuniko wake wa chuma, uliowahi kuanguka ukamegeka pembeni, pengo la vidole viwili.

Kazi ikawa imekwisha, na mimi kazi ikiisha miguu inawasha. Nikamwachia jirani mbwa, nikaenda Choma, Igunga, kutazama jinsi wenzetu wanavyowafundisha ng'ombe wa kulima kugeuka mwisho wa tuta. Ni jambo refu kuliko linavyoonekana.

Niliporudi, kichanja kilikuwa kinanguruma.

Nilimwita jirani, mzee mrina asali. Alisimama mbali kidogo, akatazama nyuki wakiingia na kutoka kwenye lile pengo kwa utaratibu, kama watu wenye hati ya nyumba. Akainama kunusa mikono yangu.

"Ulikipaka nini?"

"Nta."

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. "Sisi mzinga mpya tunaupaka nta ndani, tunauacha na mlango mdogo, tunauweka kivulini. Nyuki wakisikia harufu wanajua hapa pana makao. Umefanya kila kitu sawasawa, kijana. Wengine wanapata kundi baada ya misimu miwili."

Mama mdogo alirudi kesho yake. Alikitazama chungu, akanitazama mimi, akamtazama mbwa.

"Kutu hakuna," nikasema.

Hakupata nafasi ya kutufukuza, kwa sababu wifi yake naye alikuwa njiani, na alishuka kwenye basi la mchana akiwa na mkoba mmoja na kamba ya katani ya kufungia mzigo. Mwanamke mnene, shingo ya ukoo. Nilimwamkia, "Shikamoo, shangazi," akaitika marahaba bila kusimama, akapitiliza nyuma ya jiko. Akarudi upesi zaidi, kanga imefunika uso.

"Wifi! Umeweka walinzi?"

"Wamekuja wenyewe," mama mdogo akasema kwa upole. Nikaona jambo limempitia kichwani. "Kikague tu, wifi. Funua."

Jioni ile alimvuta mrina pembeni, nami nikasogea kusikia. Kuwahamisha nyuki ilikuwa kazi ya moshi kidogo na mzinga mtupu, lakini mama mdogo hakutaka wahamishwe. Mzee akaelewa. Kesho yake alimweleza mgeni, kwa uso wa mtu wa kanisa, kwamba kundi changa halisumbuliwi, lingojewe mpaka lijaze asali.

"Mpaka lini?"

"Nyuki ndio wanajua."

"Basi na mimi nangoja," shangazi akasema, akafungua mkoba akatoa ndala.

Hapo hatukuwa tumepiga hesabu. Mama mdogo alidhani mgeni angechoka. Mgeni hakuchoka. Alikaa jikoni kwenye kigoda kizuri, huku sisi tukipikia kwenye sufuria, na kila chakula alikitolea hukumu.

"Maharage haya yameiva upande mmoja."

"Ni moto, wifi."

"Ni sufuria. Mama alikuwa anatia asubuhi anakwenda zake. Haya mmeyakimbiza, ndiyo maana yanahema."

Siku nyingine ugali wangu uliungua. Alichovya, akatafuna taratibu, akasema, "Baba yako mdogo alikuwa mvuta tumbaku. Angeupenda huu." Mama mdogo alicheka kabla hajajizuia, kisha akakasirika kwamba amecheka. Usiku nilisikia wanabishana chumbani kama mama yao alikuwa anatia karanga kwenye michembe kabla au baada ya kuiva. Nyuki nao waliongezeka.

Asubuhi moja ya baridi, mama mdogo akiwa kwenye ibada ya alfajiri, shangazi alinitingisha begani. "Amka. Nyuki wamelala." Alikuwa ameshaziba pengo kwa kitambaa, ameufunga mfuniko kwa ile kamba, na ameviringisha kila kitu kwa shuka. "Unabeba mpaka barabarani. Tunapanda gari."

"Shangazi, humu mna nyuki."

"Nitawatolea Urambo. Kule nako kuna miti."

Sikuwa na sababu ya kukubali, ila moja: sikuwahi kubeba chungu cha nyuki, na nilitaka kujua kinakuwaje. Nawaambieni. Miguu mitatu inaukumbatia utosi hata kama una ngata, shingo inazama mabegani, na mngurumo huusikii kwa masikio, unausikia kwa meno. Nyuki mmoja alipata upenyo akatembea kwenye nyusi zangu njia nzima, polepole, kama mkaguzi. Sikuweza kumfukuza. Mikono yote miwili ilikuwa juu.

Barabarani alikuwepo kijana wa bodaboda.

"Mwangaluka, mama. Mzigo gani huo?"

"Chungu."

"Mbona kinaunguruma?"

"Kina maharage."

"Maharage gani hayo yanayoimba?" Akasogeza sikio. Kitambaa kilikuwa kimelegea. Nyuki wawili, watatu, wakatoka wakatua kwenye kiti cha pikipiki. Kijana hakuwasha hata injini. Aliisukuma akikimbia mpaka akapotea kwenye kona. Likaja basi. Kondakta alishuka akiwa na sura ya biashara, akasikiliza, akapanda tena. "Kuku tunapakia, mbuzi tunapakia," akasema mlangoni. "Hao wanangu, hapana."

Jua lilipopanda nyuki waliamka vizuri. Tulirudi mwendo wa haraka, shangazi mbele ameshika ndala mkononi, mimi nyuma, shavu lililoumwa limeanza kufunga jicho. Waumini walikuwa wanatoka kanisani. Mama mdogo alisimama katikati ya wanakwaya akatuona tukipita. Akatufuata mbio mpaka nyumbani; tukakitua chungu, sote watatu tukakimbilia ndani na kufunga mlango.

Kisha akasema, "Wifi, ungeniambia tu. Ungekufa njiani, ningemwambia nini kaka yako huko aliko?"

"Nawe ungeniambia kwamba umewaweka hao makusudi."

"Hawa?" akanionyesha mimi na jicho langu. "Muulize huyu."

Jioni mrina alikuja na moshi na mzinga, akawahamisha wote bila haraka, akatuachia masega machache. Chungu kilibaki wazi, kimejaa nta kila kona. Nilikiweka motoni nikakifuta, na weusi wake ukawa mzito na laini, haujawahi kuwa vile. Asubuhi shangazi mwenyewe alitia maharage. Yalipoiva alikula sahani mbili bila kutoa hukumu. Alifuta mchuzi wa mwisho kwa kidole, akatazama pembeni.

Mama mdogo ndiye aliyekwenda kuleta kamba. Alikiosha chungu kwa maji matupu, akakikausha, akafunga mfuniko kwa mafundo mazuri. "Kutu hakina," akasema, "lakini chukua. Ni cha mama yako. Sitaki tuzikane kwa ajili ya chungu." Akatuma mtoto wa jirani akamwite yule wa bodaboda, na kijana akaja, akasimama mbali akiuliza kwanza kama kimenyamaza.

Shangazi alikizunguka chungu. Akakipiga kofi tumboni.

"Chungu hiki kinalisha watu kumi na tano," akasema.

"Ndiyo."

"Urambo niko peke yangu. Nitampikia nani?"

Akamgeukia kijana. "Wewe. Pikipiki yako inabeba godoro?"

"Inabeba, mama."

"Nenda Urambo, nitakuelekeza nyumba. Lete godoro na lile kabati dogo la vyombo."

Mama mdogo alikaa chini palepale kwenye mchanga. "Mungu wangu," akasema. "Nimegombea chungu, nimejishindia wifi."

"Na godoro nitaliweka wapi?" shangazi akauliza.

Wote wawili walinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikawaona wanakubaliana. Chumba changu kilikuwa cha pembeni, chenye dirisha. "Huyu si mtu wa kukaa," mama mdogo akaeleza. "Miguu inamwasha."

Nilifunga begi langu, halikuwa na mengi. Nilipotoka walikuwa wameshakifungua chungu na kukirudisha motoni, wameinama juu yake vichwa vikigusana, wakibishana.

"Wifi, umetia chumvi?"

"Nimetia zamani."

"Na mimi nimetia sasa hivi."

Nililitua begi chini nikavuta kigoda. Safari ingeweza kungoja mpaka yaive.