Kunguru Waliomjua Mwalimu Ansbert

Zamani hapa Kipawa kila nyumba ilizungukwa na ua wa michongoma ambamo ndege wadogo, shore na chozi, walizaliana bila kumwogopa mtu, lakini leo kila mtu ana ukuta wa tofali, na juu ya kila ukuta yupo kunguru anayetazama tunachokula.

Bustani iliyobaki mtaani kwetu ni ya Mwalimu Ansbert, mstaafu, mtu wa Muleba, jirani yangu kwa miaka ishirini na sita. Wengine wamemwaga zege hadi mlangoni, wakauita usafi. Yeye aliacha mkomamanga, na mwaka huu chozi wawili walining'iniza kiota chao humo, kifuko cha majani makavu na utando wa buibui, hakizidi ngumi ya mtoto. Mwalimu alikuwa na kamera aliyopewa siku ya kuagwa kazini. Alitaka picha moja tu: mama akilisha makinda yake.

Alianza na kiti mlangoni. Kila baada ya siku tatu alikisogeza hatua moja kuelekea kwenye kiota ili wamzoee, koti lilelile, asikohoe, asifute jasho. Mwanabaraka wa nyumba ya pili alimwuliza kama hao ndege anawaposa.

"Nawaposa," alimjibu, "na wazazi wao ni wagumu kuliko wako."

Wiki ya tano alikuwa hatua nne kutoka kwenye kiota, na ndani mlikuwa na makinda wawili. Hapo ndipo hofu ilipoanza, maana kunguru hula makinda, na walishaanza kutua karibu.

Asubuhi moja alimkuta kunguru amekufa chini ya nguzo ya umeme. Alimfunga kamba mguuni, akamtundika kwenye mti mrefu alioukita katikati ya bustani ili kuwatisha wenzake, kama baba yake alivyofanya kwenye shamba la maharage. Nilimwita ukutani.

"Mshushe, Mwalimu. Hawa si wa kwenu. Watakuja kumlilia."

"Mzee Mwinshehe, kunguru ni kunguru."

Haikupita robo saa. Walikuja kutoka kila paa, bustani ikawa nyeusi, kelele hadi Mwanabaraka akafunga madirisha na kuanza kusoma dua. Mwalimu alitoka kuushusha ule mzoga, nao wakamwona ameushika. Walimparura kipara. Tangu siku hiyo walimjua. Akitoka, wanajipanga ukutani kumzomea. Kiti kikabaki kitupu, kwa kuwa kukikalia kungewaonyesha kiota. Siku nane alijifungia ndani, uso kwenye wavu wa dirisha, hali chakula, akisikiliza kucha zikikwaruza bati. Nilipompelekea uji aliniambia, "Nimewauza kwa mikono yangu."

Siku ya tisa kinda mmoja alitoa kichwa. Mwalimu alijitanda kanga ya mkewe, Auleria, akajifunika kichwa chote, akatoka ameinama kama bibi anayetafuta kuni. Hawakumtambua. Alifika kwenye kiti, akainua kamera. Mimi nilikuwa nachungulia, nikaona alichokiona: kunguru mmoja ametua kwenye mkomamanga wenyewe, kimya, ameinamisha shingo.

Angemfukuza tu, kunguru yule angerudi baada ya dakika mbili. Mwalimu aliiweka kamera kitini, akaivua kanga, akasimama wima. Yule kunguru akapiga ukelele, wengine wakaitika. Akaelekea getini bila kukimbia, kiganja juu ya macho, nao wote wakamfuata, mpaka barabarani, mpaka ng'ambo ya reli, watu wakimpisha kama mtu mwenye laana.

Alirudi saa saba, sikio linavuja damu. Kiota kilikuwa kitupu, na chini hapakuwa na unyoya. Hajui kama makinda waliruka au waliliwa. Nami sijui, kwani nilikuwa nimemfuata na fimbo. Mara yake ya mwisho kuwaona ilikuwa pale getini, alipogeuka: kinda yuko nje ya kiota, ameng'ang'ania kijiti, mdomo wazi, na mama yake amemwinamia.