Jiwe Sufuriani

Mpwa wangu aliponiomba nimtunzie tangi lake la samaki mpaka arudi kutoka Uarabuni, nilisema naam. Heri ningesema hapana. Lakini nilikuwa nimestaafu, sebule yetu ya Likoni ni kubwa, na nilipenda kuitwa mjomba wa kutegemewa.

Samaki walikuwa wawili tu. Fahari ya tangi ilikuwa jiwe lililojaa matumbawe ya ajabu, duara duara kama vifungo vya shati, kila kifungo na kope zake pembeni na kijitundu cha mdomo katikati. Matumbawe niliyokua nayo ni magumu, tulijengea nyumba. Haya yalikuwa laini kama ndewe ya sikio. Hayana mifupa, huchukua mchanga na kuuficha ndani ya ngozi ili yasimame. Ukiwasha taa ya buluu, yalimeremeta kijani na chungwa kama mapambo ya harusi.

"Usiyaguse kwa mkono mtupu, mjomba. Yana sumu."

"Bahari hii imenilea tangu sina meno. Vifungo ndivyo vitaniua?"

Vikazaana mpaka vikapanda kioo. Maulidi yalikuwa yakikaribia, na mke wangu, kiongozi wa kasida za wanawake mtaani kwetu, alitarajia wageni.

"Dude lako limeota ukurutu," akanicheka. "Watu watadhani twafuga maradhi."

Nikaamua kulisafisha jiwe. Utotoni tulichemsha kauri mpaka nyama itoke, tukawauzia watalii pale Shelly Beach. Kwa hiyo nilikuwa mtaalamu. Nikavaa glavu, nikajiona mwerevu, nikalitia jiwe kwenye sufuria ya maji, nikaibandika motoni. Mvua ilikuwa ikipiga, nikafunga dirisha la jikoni, nikaenda msikitini kuswali alasiri.

Tangu nimuoe sikuwahi kumpikia hata chai. Alipoona sufuria inatokota, alifurahi. Akafunua, akainama kunusa.

Niliporudi nilimkuta sakafuni, anakohoa, midomo imebadilika rangi.

"Mlikula nini, mzee?" daktari kijana akaniuliza hospitalini.

"Hatukula. Nilipika jiwe."

"Jiwe?"

"Jiwe, daktari."

Akanitazama kwa makini, nadhani akipima kama wagonjwa ni wawili.

Nilimpigia simu mpwa wangu. Nikamweleza. "Uliyachemsha, mjomba? Mvuke wake ndio mbaya zaidi." Hilo hakuwa ameniambia. Wala mimi sikuwa nimeuliza, nilikuwa mtaalamu.

Jiwe lilitoka safi kabisa. Tangi nimeligawa. Mke wangu yu hai, alhamdulillahi, ila mapafu yake hayakupona. Maulidi yaliyopita alikaa nyuma ya wenzake akichezesha midomo tu, maana pumzi haimfikishi mwisho wa ubeti mmoja. Mwenzake mwingine ndiye aliyeongoza. Lile naam langu lilinigharimu sauti ya mke wangu.