Nilivyokitukana Kitabu Nisichokimaliza

Haya zinanishika kulisimulia hili, na hasira bado nnazo, kwa hivyo mkiniona nasema kwa ukali msidhani nagombana na nyinyi. Nagombana na kitabu, na aliyekitunga keshakufa zamani huko kwao Uingereza, na zaidi nagombana na mdomo wangu mwenyewe.

Sisi ni wanawake wachache, wengi wetu wazee wetu walitoka Unguja, na tuna kikao chetu cha kusoma vitabu nyumbani kwa Bi Zuwena, Mawaleh, hapa Maskati. Bi Zuwena alikuwa mwalimu wa Kiingereza mpaka alipostaafu, na mie ni mmoja wa waliopita mkononi mwake. Safari hii alituchagulia riwaya ya kale ya Kiingereza, ya mauaji, ya zama za taa za gesi na magari ya farasi.

Nikawa nakisoma garini huko Hail, nikiwasubiri wanangu watoke skuli, kiyoyozi kinanguruma na mie nanguruma. Kwanza urefu: sentensi inaanza Jumapili, ukifika mwisho wake ni Alkhamis. Kila ukurasa bibi mmoja anazimia. Bi kizee tajiri kafa kitandani kwa sumu, na mpelelezi anazunguka kwenye ukungu kwa kesi ambayo leo kamera moja ya ukutani ingeimaliza kabla ya chai. Hayo nikayavumilia. Nilichoshindwa ni mtumishi wa lile jumba, mtu waliyemchukua Unguja, anayeitwa "yule Mwarabu" tangu mwanzo, hana jina, hana mama, kazi yake kunyapa kama paka na kutoa macho gizani. Bi kizee alipokufa nyumba nzima ikamgeukia yeye, na mpelelezi akamtia pingu kwa sababu ati anasali faraghani. Nikamwona babu yangu khasa. Nikakifunga kitabu, nikakitupa kwenye buti chini ya katoni za maji, nikaapa sikifungui tena (na nikajiona shujaa, ndio).

Siku ya kikao naingia, kumbe Bi Zuwena kaalika na wageni, walimu wenzake wa zamani, pamoja na mke mpya wa mwanawe, kaja kujulishwa kwa watu. Majlisi imejaa, sambusa, mkate wa kumimina, halwa, kahawa inazunguka. Mtu mwenye akili angekula akanyamaza. Mie nikaomba nianze.

Tena nikasimama, na kwenye kikao chetu hasimami mtu. Nikasema kitabu hiki ni matusi. Wakanyamaza. Nikadhani wamekubali, nikaongeza moto, nikasema mtu akikipenda kitabu hiki basi hana damu, na aliyekichagua, kwa heshima zake zote, alisahau sisi ni watoto wa nani. Nikamtazama Bi Zuwena nikisema hivyo. Nyumbani kwake, mbele ya mkaza mwanawe, nimeshika finjani lake.

Wifi yangu Maimuna, dada wa mume wangu, ananijua. Akaniuliza taratibu, "Rahma, lakini umekimaliza?"

Ningesema sijakimaliza, yakaisha. Nikasema, "Nimekimaliza, tena mara mbili."

"Basi yule daktari," akasema mwalimu mmoja, bibi mwembamba wa miwani, "mambo yake ya mwisho umeyaonaje?"

Mie daktari namkumbuka mtu mpole, kila asubuhi anampelekea marehemu dawa na kumshika mkono. Nikasema, "Daktari ndiye pekee niliyempenda. Laiti wote wangekuwa na roho kama yake."

Mkaza mwana akapaliwa na sambusa. Maimuna akajifunika uso kwa mtandio.

"Daktari ndiye aliyeua, mwanangu," akasema yule bibi. "Dawa ndiyo sumu. Na aliyemfichua ni huyo huyo Mwarabu."

Kicheko kile wallahi nnakisikia mpaka leo. Asiyecheka alikuwa Bi Zuwena peke yake. Alinyoosha mkono, akalichukua finjani lake mkononi mwangu, akaliweka kwenye sinia. Nikatoka mbio, nikavaa viatu vya kwanza nilivyoviona mlangoni, na nilipofika kwangu Sib ndipo nikaona vinanibana. Vya Bi Zuwena.

Kwa hivyo kurudi ilikuwa lazima, na sikutaka kurudi vile vile. Nikakitoa kitabu kwenye buti, nikakisoma kilichobaki pale pale nje ya skuli. Ni kweli, Mwarabu ndiye anayeutoa ukweli. Anafunguliwa pingu. Halafu hakuna hata mmoja anayemwomba radhi. Familia inakunywa chai, mpelelezi anasifiwa magazetini, binti wa nyumba anaolewa, na yeye anakatiwa tikiti ya meli arudi kwao, habari yake nzima nusu ya sentensi, na jina hapewi mpaka kitabu kinakwisha. Niliupiga usukani mpaka honi ikalia na wazazi wenzangu wakageuka kunitazama.

Nikaenda Mawaleh. Bi Zuwena alifungua mlango mwenyewe. Nikampa viatu vyake, nikamwomba radhi, nikamwambia nilisema uongo, sikuwa nimekimaliza, na nilimvunjia heshima mbele ya wageni wake.

"Ulinivunjia khasa," akasema, na hakunipunguzia. "Mie kitabu kile nilikisoma msichana, peke yangu, sina wa kukasirika naye. Nikasema safari hii nitakaa na wanangu tukasirike pamoja. Weye ukaja ukanikasirikia mie."

Jua linanichoma utosini, nami sithubutu kusogea kivulini.

"Umemaliza sasa?"

"Nimemaliza, bibi. Hata jina hawakumpa."

"Hata jina," akasema. Akasogea pembeni ya mlango. "Ingia."

Tulikaa tukawasema watu wa lile jumba mmoja mmoja, daktari, mpelelezi, na yule binti na harusi yake, mpaka ikaadhiniwa magharibi. Kunambia amenisamehe hajanambia mpaka leo. Nami nimeweka nadhiri, kitabu hata kikiniudhi vipi sikisemi mbele za watu mpaka nimekifikisha mwisho. Kuudhika sijaacha, na kikao kinachokuja nimeshaomba niwe wa mwisho kusema.