Goti la Blandine

Blandine ni fundi wa nguo pale Likasi tangu kabla hajaolewa. Mashine yake ni ya kukanyaga, ya chuma, aliyoachiwa na shangazi yake. Umeme ukikatika, wenzake wenye mashine za kisasa hukaa mlangoni wakipiga miayo, lakini yeye huendelea kushona. Ndiyo maana harusi nyingi za mtaani kwao zilipitia mikononi mwake. Au miguuni mwake, kama alivyopenda kusema.

Mvua za mwaka juzi zilipoanza, alikuwa akirudi kutoka Kambove kwa pikipiki ya abiria, amepakata magauni ya wasindikizaji wa bibi harusi. Kwenye kona dereva alikwepa shimo, gurudumu likateleza kwenye tope, Blandine akaangukia goti la kulia na pikipiki ikamlalia begani. Dereva aliinuka akijipangusa. Magauni yalikuwa ndani ya plastiki, hayakupata hata doa. Kila mtu aliyekuja kumpa pole alimwambia kwanza jinsi magauni yalivyokuwa na bahati.

Bega lililochomoka lilirudishwa mahali pake. Kuhusu goti, daktari alisema kano zimevutika sana lakini hazikukatika, kwa hiyo hakuna haja ya kupasua. Akamfungia bandeji, akamwambia apumzike. Blandine akapumzika. Alipumzika hadi msimu wa baridi ulipofika, na siku alipokaa tena kwenye mashine, mguu ulitetemeka juu ya pedali kama wa mtoto anayejifunza kusimama. Paja la kulia lilikuwa limekonda. Sehemu nyingine zote za mwili zilikuwa zimenenepa.

Alirudi kwa daktari.

"Mama, lazima upunguze uzito na mapaja yapate nguvu," daktari alisema. "Ufanye mazoezi. Lakini usiruke, usikimbie, usipige magoti. Na mkono huo usiunyanyue juu ya kichwa."

"Sasa nifanye nini, docteur?"

"Mazoezi," alirudia daktari, na kumwita mgonjwa mwingine.

Bintiye Tina, aliyekuwa akimalizia masomo ya sekondari, alimtafutia video kwenye simu. Kila asubuhi, mume wake Germain akishaondoka kwenda machimbo ya chokaa ya Kakontwe, Blandine alisogeza meza ndogo ya sebuleni, akatandika mkeka juu ya sakafu ya saruji iliyokuwa baridi kama bati, na kuegemeza simu kwenye thermos. Kijana mmoja mwenye kifua kipana alitokea akitabasamu, akisema Kifaransa cha mbio. Dakika ya kwanza alisema ni rahisi sana. Dakika ya pili alikuwa anaruka.

"Tina! Huyu naye anaruka!"

"Tafuta ingine, mama."

Ingine ilikuwa ya mwanamke mwembamba aliyesema somo lake ni la wanaoanza. Akapiga magoti. Ya tatu ilikuwa ya mzee, na Blandine akapata matumaini, mpaka mzee alipojitupa chini na kusimama juu ya mikono yake. Blandine aliizima simu, akaifunika na kitambaa cha meza kana kwamba yule mzee angeweza bado kumwona.

Hata hivyo hakuacha. Alichukua kidogo hapa na kidogo pale, akainua chupa za maji zilizojazwa mchanga, akachuchumaa kwa kadiri goti lilivyomruhusu. Angeendelea hivyo taratibu, kama si Germain. Jumapili moja baada ya misa alimsikia uani akiwachekesha rafiki zake.

"Bibi yangu iko nafanya sport sasa. Mungemuona! Anaruka sawa chula."

Wakacheka. Blandine alisimama nyuma ya pazia na sahani ya karanga mkononi. Chura! Na hakuwahi kuruka hata mara moja! Ndilo lililomuudhi zaidi. Kesho yake asubuhi alimfungua yule kijana mwenye kifua kipana, na kijana aliporuka, naye akaruka. Mara ya kwanza hakuna kilichotokea. Mara ya pili goti lilitoa mlio mdogo, na kufikia mchana lilikuwa limevimba hata sketi haikupita vizuri.

Alikuwa na hasira na kijana wa simu, na Germain, na dereva wa pikipiki, na goti lenyewe. Tina alimshika mkono wakaenda zahanati nyingine, kwa kijana mtaratibu aitwaye Elie, anayefundisha watu mazoezi ya viungo baada ya kuumia. Elie alilibonyeza goti huku na huku bila haraka, akasema halijaharibika, limekasirika tu.

"Hata minye nimekasirika," alisema Blandine.

Elie hakucheka. Uvimbe ulipopungua alimkalisha kwenye kiti cha mbao.

"Simama. Kisha kaa."

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu, mama."

"Batu banaruka, banabeba chuma, na weye unaniambia nikae na kusimama? Nakaa na kusimama tangu nilizaliwa!"

"Fanya basi bila kushika kitu. Kunja mikono kifuani. Na ushuke polepole."

Blandine alikunja mikono, akajisukuma. Akainuka nusu, akayumba, akarudi kitini kwa kishindo. Alijaribu tena. Tina alitazama dirishani ili asimuone mama yake. Hapo Blandine alielewa kwamba tangu ajali alikuwa akijivuta kwa mikono kila anapoinuka, kitandani, mezani, hata kanisani, wala hakuwa amejua.

Elie alimpa mazoezi ya aibu, kama Blandine alivyoyaita. Kukaa na kusimama. Kuegemea ukuta na kujisukuma kwa mikono, kwa sababu bega lisingeweza kumbeba sakafuni. Kulala chali, nyayo chini, na kuinua makalio mpaka mwili unyooke. Akamwambia maumivu yanayopoa siku hiyo hiyo si adui, lakini yakilala naye mpaka kesho, basi amezidisha.

Yalikuwa mazoezi ya kuchosha akili. Hakuna muziki, hakuna anayekupongeza, na wiki inapita hujaona chochote. Siku nyingine mguu ulikubali, siku nyingine ulikataa bila sababu, na Blandine aliugombeza kwa sauti kama mkwe mvivu. Lakini msimu wa baridi ulipokaribia kwisha aliinuka kitini bila mikono, ghafla, akiwa anawaza kitu kingine kabisa. Alirudi akakaa, akarudia ili ahakikishe.

Mwili nao ulianza kupungua. Angedhani watu watafurahi. Mteja wa kwanza kumuona alishika mdomo.

"Mama Tina! Uko na ugonjwa?"

"Hapana. Niko nafanya mazoezi."

"Eh, mazoezi." Mteja alishusha sauti. "Unipe tu ukweli, sitasema ku batu."

Mwingine alimuuliza kama Germain amemnyima bukari, ugali wa kila siku. Wa tatu alimshauri asife moyo. Habari ilisafiri hadi Mulungwishi, alikokaa mama mkwe wake, Mama Hortense, na haikuchukua muda Mama Hortense mwenyewe akashuka kwenye gari na gunia la viazi vitamu, samaki wakavu na nguo za kukaa siku nyingi.

"Nimekuya kukukulisha, mwana wangu," alisema akimpapasa mikono. "Angaria vile umekwisha."

Blandine alimshukuru kwa heshima. Asubuhi yake alitandika mkeka, akalala chali, akaanza kuinua makalio. Mama Hortense alifungua mlango wa chumba, akaona mkwewe yuko chini, macho darini, anapumua kwa nguvu na tumbo linapanda na kushuka. Akafunga mlango polepole. Kesho yake, Blandine akiwa katika hali ileile, mlango wa nje ulifunguliwa, Mama Hortense akawaingiza akina mama watatu wa kanisa wenye vitambaa vyeupe kichwani. Wakamzunguka, wakanyoosha mikono juu yake, wakaanza kuomba kwa pamoja, kila mmoja na maneno yake.

Mwanzoni aliwavumilia. Ni wakubwa, na maombi ni maombi. Lakini mmoja alipoukanyaga mkeka wake na kuiamuru roho ya kukonda itoke, Blandine aliinuka. Aliinuka bila kushika kitu, lakini hakuna aliyeona.

"Basi! Mama, basi! Minye haina mugonjwa. Haina pepo. Iko na goti! Goti moja tu, niko nalitafutia nguvu juu nikanyage mashine yangu. Nikinenepa, banasema nimejiachilia. Nikikonda, banasema niko nakufa. Bwana yangu ananiita chula. Muniache nifanye kazi yangu!"

Akina mama wakaondoka wakivuta vitenge vyao. Mama Hortense aliwafuata hadi barabarani. Mchana alikula peke yake jikoni, na jioni Germain alipouliza kuna nini, wote wawili walimjibu kwamba hakuna kitu, kwa sauti iliyomfanya aende kukaa kwa jirani.

Ubaridi ule uliendelea siku kadhaa. Blandine alijuta kumpandishia sauti mama wa mume wake, lakini hakujuta maneno yenyewe. Akaendelea na mkeka wake. Kisha siku moja, akitoka kuanika nguo, alisikia mgumio sebuleni. Mama Hortense alikuwa kwenye kiti, mikono ameikunja kifuani, anajisukuma. Aliinuka kidogo, akarudi chini. Akajaribu tena, meno ameyauma.

"Mama."

Mama Hortense alishtuka. "Nilikuwa natafuta sindano."

Blandine aliweka beseni chini. Mama Hortense alitazama mlango, kisha magoti yake.

"Kwa kanisa, banabake bawili njo bananivuta, nitoke ku benchi," alisema. "Miaka mingi sasa. Nasikiaka haya kila juma." Akavuta kitenge kufunika magoti. "Usimwambie Germain."

Blandine alileta mto, akauweka juu ya kiti ili kiwe kirefu kidogo. "Sogea mbele. Miguu nyuma kiloko, kidogo tu. Sasa sukuma chini na visigino. Doucement, polepole, Mama."

Mama Hortense akainuka. Alisimama katikati ya sebule kwa muda, kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, machozi yakimlengalenga. Kisha akamwambia Blandine kwamba mto ule ni mchafu.

Tangu siku hiyo Blandine hakupata tena amani asubuhi. Mama Hortense anaamka kabla yake na kusogeza meza mwenyewe. Anamsahihisha mkwewe mazoezi ambayo mkwewe ndiye aliyemfundisha. Kuelekea Krismasi alikwenda kuwaita wale akina mama watatu, nao wakaleta wengine, kila mmoja na goti lake au nyonga yake, na viti wamevibeba kichwani. Sasa wanaanza kwa sala, wanamaliza kwa wimbo, na katikati wanabishana.

Blandine amerudi kwenye mashine. Anakanyaga asubuhi mpaka mchana, anapumzisha mguu, anakanyaga tena. Mvua ikikaribia goti linauma, kupiga magoti kanisani bado hawezi, na mkono wa kulia haufiki kwenye kamba ya juu ya kuanikia nguo. Lakini ngazi za ofisi ya posta anazipanda bila kushika ukuta, na mikono yake imepata umbo hata Germain ameiona. Germain sasa anawaambia rafiki zake kwamba ni yeye aliyemtia moyo tangu mwanzo. Blandine alipolisikia hilo alikanyaga pedali kwa nguvu na kuendelea kushona.

Mazoezi yake anayafanyia chumbani, mlango ameufunga. Hamalizi hata nusu. Mlango unagongwa.

"Mama Tina, toka kwanza! Hawa hawajui kushuka polepole. Banajitupa ku viti, batavunja!"

"Nakuya, Mama," anajibu akiwa bado amelala chali, na anainua makalio mara moja ya mwisho kabla ya kuamka.